Mito Miwili ya Ini: Historia ya Tiba na Mwambao wa Ziwa

Katika vijiji vya Ilemela vinavyopakana na ziwa, tumbo lililovimba halishangazi watu sana. Mtu wa Igombe au Kayenze aliyekulia majini, akivua, akioga, akiteka na kufua papo hapo, aghalabu amewahi kumwona jirani ambaye tumbo lake lilimtangulia njiani hali mikono na miguu imekonda kama vijiti. Wengine husema karogwa. Wengine husema ni bandama. Wengine husema ni maji tu, yatapungua. Tabibu naye, akiweka mkono chini ya mbavu za kulia na kulikuta ini limekuwa kubwa na gumu, hana budi kufikiri mambo manne kwa mara moja: kichocho cha tumbo kilichotia makovu kwa miaka mingi, homa ya ini iletwayo na virusi, saratani iliyozaliwa ndani ya ini lenyewe, na saratani iliyozaliwa mahali pengine, katika utumbo mpana au titi au kongosho, kisha ikahamia ini. Kwa nje magonjwa haya hufanana kama ndugu. Kwa ndani kila ugonjwa una njia yake, na tiba ya mmoja yaweza kuwa madhara kwa mwingine.

Habari za tiba ya uvimbe uliohamia ini husimuliwa kwa desturi kama habari za vyombo. Msimulizi huanza na kisu, akaja kwenye sindano, akamaliza na mashine. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yamepinda. Kilichofungua mlango ni maarifa ya damu: damu iingiayo katika ini hutoka wapi, na uvimbe hunywa katika mto upi. Mtu akishika maarifa hayo kuwa ndiyo kiini, ataona kwamba mwambao wa Ziwa Victoria umo ndani ya historia hii mahali pawili. Umo kwa sababu dawa mojawapo ya tiba hiyo ilijaribiwa mapema katika mji ulio karibu na maji ya ziwa hili. Na umo kwa sababu maini ya watu wa ziwa yana hali ambayo waandishi wa Osaka na Frankfurt hawakuwa nayo mbele ya macho yao walipoandika.

Waswahili wameupa moyo mapenzi, lakini uchungu mkali wameuweka katika ini. Mtu aliyefikwa na neno zito husemwa kuwa amekatwa maini. Lugha hapa imeukaribia ukweli wa mwili, maana ni viungo vichache vitokavyo damu kama ini likikatwa. Francis Glisson, tabibu Mwingereza, alichapisha mwaka 1654 kitabu kizima juu ya ini, akaonyesha jinsi mishipa yake igawanyikavyo ndani kama matawi ya mti. Tofauti na viungo vingi vya mwili, ini hupokea damu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ateri ya ini, iletayo damu yenye hewa safi kutoka moyoni. Ya pili ni vena ya lango, iletayo damu ambayo imekwisha pita katika matumbo na bandama, nayo imebeba chakula kilichosagwa pamoja na sumu za kusafishwa. Katika mwili wenye afya mto wa pili ndio mkubwa: karibu robo tatu ya damu ya ini hupita humo, na iliyosalia huja kwa ateri.

Mto huo wa lango ndio unaoeleza kwa nini ini huvamiwa mara nyingi na saratani za utumbo. Chembe za saratani zikibanduka katika utumbo mpana huchukuliwa na damu, na kituo chao cha kwanza ni ini, kama magugumaji yasukumwavyo na upepo ziwani hata yakanasa katika ghuba. Kwa muda mrefu tiba iliyojulikana ilikuwa moja tu, nayo ni kukata. Mwaka 1888 Carl Langenbuch wa Berlin alitoa habari za mgonjwa aliyekatwa kipande cha ini akapona, ingawa saa chache baada ya kazi ilibidi tumbo lifunguliwe tena kwa ajili ya damu iliyokuwa ikitoka. Ufundi wa wapasuaji umeendelea sana tangu siku hizo, na hata leo mtu ambaye uvimbe wake waweza kuondolewa wote kwa kisu ana tumaini kubwa la kuishi. Walakini wagonjwa walio wengi hawafai kukatwa. Huyu ana uvimbe katika pande zote mbili za ini. Yule uvimbe wake umeuegemea mshipa mkubwa. Mwingine ni mzee na moyo wake hauwezi kustahimili kulazwa mezani kwa saa nyingi.

Mwaka 1954 wataalamu wawili wa Marekani, Charles Breedis na Grace Young, walichapisha uchunguzi wao juu ya damu inayolisha uvimbe wa ini. Walichunguza maini ya watu na ya wanyama, wakaona jambo ambalo halikutazamiwa: uvimbe uliokwisha kukua katika ini hupata chakula chake karibu chote katika ateri, na si katika vena ya lango. Yaani mto ulioleta ugonjwa si mto unaoulisha. Ini zima huishi zaidi kwa mto wa lango. Uvimbe huishi kwa ateri. Basi mtu akiweza kuiziba ateri, au tawi lake lielekealo uvimbe, uvimbe utashikwa na njaa na ini litasalimika kwa mto wake wa pili. Vitabu vingi hutaja ugunduzi huu kwa mstari mmoja na kuukimbilia ufundi wa mashine. Ulistahili sura nzima, maana kila kilichofuata kimejengwa juu yake, na udhaifu wa kila kilichofuata umo humo humo.

Mwaka mmoja kabla yake, 1953, Sven-Ivar Seldinger wa Stockholm alikuwa ameeleza namna ya kuingia katika mshipa bila ya kupasua. Sindano yatoboa mshipa; waya mwembamba wapita ndani ya sindano; sindano yatolewa na waya wabaki; kisha mpira mwembamba uitwao katheta wafuata waya hata ndani. Ni jambo jepesi ambalo mtu akilisikia hushangaa kwa nini halikufikiriwa zamani. Kwa njia hiyo tabibu aweza kuingia kwenye kinena na kusukuma katheta, huku akitazama kwa mionzi, mpaka katika ateri ya ini. Ilichukua miaka ishirini hivi kabla maarifa ya Breedis na Young hayajaoana na ufundi wa Seldinger. Mwaka 1974 Doyon na wenzake wa Ufaransa waliandika habari za kuziba ateri ya ini kwa ajili ya uvimbe wa saratani. Huko Osaka, Ryusaku Yamada na wenzake waliongeza neno la pili: hawakuziba tu, bali walilowanisha vipande vya jelatini katika dawa ya saratani, mitomaisini au adriamaisini, ndipo wakaviachia ndani ya ateri. Dawa ikafika kwenye uvimbe kwa wingi, na mlango ukafungwa nyuma yake isiondoke. Mwaka 1983 walitoa habari za wagonjwa 120 wenye saratani ya ini isiyoweza kukatwa. Wajapani wengine waliongeza mafuta ya mbegu za mpopi yaliyotiwa aidini, ambayo hunaswa ndani ya uvimbe na kuonekana katika picha. Hapo ndipo tiba ya kuunganisha njia mbili ilipopata umbo.

Adriamaisini hiyo, ambayo kwa jina jingine huitwa doksorubisini, ina habari zake kando ya ziwa. Mwaka 1967 Chuo cha Makerere na Taasisi ya Saratani ya Marekani walifungua Kampala kituo cha kutibu limfoma, ile saratani ya mataya ya watoto ambayo mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na wagonjwa wa Mulago. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa John Ziegler. Miaka miwili baadaye ikaongezwa wodi ya uvimbe wa namna nyingine, na saratani ya ini ilikuwa miongoni mwake, kwa kuwa ilikuwa ikiwaua vijana na watu wazima wa Uganda kwa haraka ya kutisha. Daktari Charles Olweny, Mganda, alishika uongozi wa kituo katika miaka ya 1970, wakati wageni wengi walipokuwa wakiondoka kwa sababu ya utawala wa Idi Amin. Mwaka 1975 yeye na wenzake walitangaza habari za awali za kuitibu saratani ya ini kwa adriamaisini, na uvimbe ulionekana kusinyaa kwa wagonjwa kuliko ilivyowahi kuonekana kwa dawa zilizotangulia. Majaribio yaliyofanywa baadaye katika nchi nyingine hayakuona mafanikio makubwa kama yale ya mwanzo. Lakini dawa ilikwisha pata jina katika ugonjwa wa ini, nayo ndiyo iliyochukuliwa baadaye na wazibaji wa mishipa, na ingali ikitumika hivyo katika hospitali nyingi za dunia.

Jambo hili linastahili kukumbukwa Mwanza. Kabla ya Shule ya Tiba ya Dar es Salaam kuanzishwa mwaka 1963, vijana wa Tanganyika waliotaka udaktari walikwenda Makerere, na meli zilizounganisha Kisumu, Port Bell, Bukoba na Mwanza zilifanya ziwa kuwa barabara moja. Wagonjwa wa Kampala waliokubali dawa mpya mwilini mwao walikuwa watu wa pande hizi, wenye vyakula na maradhi yanayofanana na ya Usukuma. Mwaka 1971 wataalamu waliofanya kazi Uganda, akiwemo Michael Hutt wa Makerere, walionyesha kwamba mahali ambapo chakula kilichohifadhiwa kilikuwa na sumu nyingi ya ukungu iitwayo aflatoksini, palikuwa pia na saratani ya ini nyingi. Karanga na mahindi ya ghalani vikaingia katika elimu ya saratani. Virusi vya homa ya ini B vilifuata. Na Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo yake mwaka 2002. Hayo yote ni ya saratani izaliwayo ndani ya ini. Ile ihamiayo ina shina lake kwingine, na msomaji atafanya vyema asizichanganye, kwa maana tiba iliyofaa moja haikuthibitika papo hapo kufaa nyingine.

Wakati mishipa ilipokuwa ikizibwa Osaka, wengine walikuwa wakitafuta kuuchoma uvimbe mahali ulipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wajapani walichoma uvimbe mdogo kwa kuupiga sindano ya alkoholi safi, tiba rahisi ambayo hata hospitali maskini iliweza kuimudu. Mwaka 1990 Rossi wa Italia na McGahan wa Marekani, kila mmoja kwa upande wake, walieleza namna ya kupitisha mawimbi ya redio katika sindano iliyochomwa ndani ya ini, hata nyama iliyoizunguka ikapikwa. Baadaye yakaja mawimbi mafupi zaidi, yale yatumikayo kupashia chakula moto, ambayo hupika upesi. Ujerumani, Thomas Vogl na wenzake walitumia mwanga wa leza, wakiulinda ukali wake kwa picha za sumaku zilizoonyesha joto linavyosambaa. Habari zao za kwanza kubwa zilitoka mwaka 1995, na kazi hiyo ikaendelea Frankfurt.

Kuchoma kulikuwa na upungufu wake, na upungufu huo nao ulitoka katika damu. Uvimbe ulio kando ya mshipa mkubwa haupati joto la kutosha, kwa sababu damu ipitayo huchukua joto na kwenda nalo, kama sufuria iliyo motoni huku inamiminiwa maji baridi. Chembe zilizo kando ya mshipa husalimika, na baada ya miezi uvimbe huota tena papo hapo. Tena uvimbe uliozidi sentimita tatu au nne ni mpana mno kwa sindano moja. Ndipo wataalamu walipofikiri kuunganisha. Ateri ikizibwa kwanza, maji baridi yamefungwa: joto husambaa mbali zaidi, na uvimbe uliosinyaa kwa dawa huwa saizi ya sindano. Kundi la Frankfurt lilifanya hivyo kwa uvimbe uliohamia ini ambao ulikuwa mkubwa mno kwa leza peke yake: walitia dawa na kuziba kwa mara kadhaa, na uliposinyaa wakauchoma. Mgonjwa aliweza kukaa macho, kwa ganzi ya mahali pamoja tu, akarudi nyumbani upesi.

Maneno kama hayo humvuta msikilizaji, na hapana budi kuuliza ushahidi wake. Kwa saratani iliyozaliwa ndani ya ini, majaribio mawili ya mwaka 2002, la Barcelona na la Hong Kong, yalionyesha kwamba kuziba pamoja na dawa huongeza maisha ya wagonjwa waliochaguliwa vizuri. Kwa saratani iliyohamia, ushahidi ulichelewa. Jaribio moja la Ulaya liliandikisha wagonjwa 119 kati ya mwaka 2002 na 2007. Wote walikuwa na uvimbe wa ini uliotoka katika utumbo mpana, usiofaa kukatwa, na hawakuwa na saratani nje ya ini. Kundi moja lilipewa dawa za mishipani peke yake. La pili lilipewa dawa hizo pamoja na kuchomwa uvimbe wote kwa mawimbi ya redio. Baada ya miaka 8, katika kila watu 100 wa kundi la pili 36 hivi walikuwa hai. Katika kundi la kwanza walikuwa 9 hivi. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Ni jaribio dogo, na wengi wameligusa kwa tahadhari, lakini tofauti yake si ya kupuuzwa. Mwaka huo huo wa 2017 yalitoka matokeo ya watu zaidi ya 1,000 waliopewa dawa pamoja na chembe ndogo za mionzi zilizomwagwa katika ateri ya ini. Chembe hizo ziliuzuia ugonjwa ndani ya ini, lakini kwa jumla ya wagonjwa hazikuongeza siku za maisha. Kuunganisha njia mbili si lazima kuwe bora kuliko moja; huwa bora pale tu njia ya pili inapofika mahali ambapo ya kwanza haikufika. Na mwaka 2025 Waholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa wapatao 300 wenye uvimbe usiozidi sentimita tatu uliohamia kutoka utumbo mpana: waliochomwa kwa sindano hawakuishi muda mfupi kuliko waliokatwa kwa kisu, na madhara yao yalikuwa machache.

Sentimita tatu ni upana wa limau dogo. Mtu hawezi kuuhisi uvimbe huo kwa mkono, wala tumbo halivimbi kwa ajili yake. Mgonjwa wa Kayenze afikaye hospitali kwa sababu tumbo limevimba amekwisha pita mbali mlango wa tiba hizi zote. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo historia ya vyombo hailisemi.

La pili limo katika kazi iliyofanyika Mwanza penyewe. Mwaka 1949 serikali za Afrika ya Mashariki zilianzisha Mwanza kituo cha kupima afya ya watu na kuchunguza matende. Kituo hicho kikakua kuwa taasisi ya uchunguzi wa tiba ya Afrika ya Mashariki, na baada ya sheria ya mwaka 1979 kikawa tawi la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kichocho kilikuwa miongoni mwa kazi zake kubwa. Mwaka 1968 McCullough, Eyakuze na wenzao waliandika juu ya maji na uambukizaji wa kichocho katika sehemu za Misungwi: visima, malambo, mabwawa, na konokono waliomo. Konokono wa pwani ya ziwa ni wa aina nyingine, na kichocho chao ni kile cha tumbo. Minyoo yake hukaa katika mishipa midogo ya matumbo, na mayai yanayokosa njia ya kutoka huchukuliwa na vena ya lango mpaka ini.

Ni mto ule ule. Unaoleta chembe za saratani ya utumbo ndio unaoleta mayai ya kichocho. Mayai hunasa katika vijito vya mwisho vya vena ya lango, mwili huyazunguka kwa makovu, na baada ya miaka mingi kila kijito huwa kimevikwa kovu nene. William Symmers aliyaeleza makovu hayo Kairo mwaka 1904, akayafananisha na mikono ya kiko cha udongo iliyotawanyika katika ini. Damu ya lango ikikosa kupita hurudi nyuma: bandama huvimba, mishipa ya umio hutuna, na siku moja mtu hutapika damu. Katika miaka ya 1990 mashine za altrasaundi zilichukuliwa mpaka Ukerewe, na uchunguzi wa huko ukaonyesha makovu ya namna hiyo katika maini ya watu wa visiwani. Kwa hiyo mashine iwezayo kuuona uvimbe wa sentimita tatu ilikwisha vuka maji na kuyatazama maini ya wavuvi, ila ilikwenda kutafuta jambo jingine.

Sasa kanuni ya mwaka 1954 na irudiwe mbele ya ini la namna hii. Kanuni yasema: ziba ateri, ini litaishi kwa vena ya lango. Lakini katika ini lenye makovu ya kichocho mto wa lango umepungua, na ateri imejitwika kazi kubwa zaidi kuliko ilivyo kwa mtu wa kawaida. Ini hilo halina tena mito miwili iliyo sawa na ya vitabuni. Tabibu akiiziba ateri kwa kufuata kipimo cha Osaka bila ya kuuliza, aweza kulinyima ini zima kile ambacho alikusudia kuunyima uvimbe. Tahadhari hii inajulikana kwa ujumla: kuziba kwa vena ya lango ni miongoni mwa sababu kubwa za kuikataa tiba ya kuziba ateri, au kuifanya kwa tawi moja dogo tu. Lakini katika Ulaya sababu hiyo huandikwa mwishoni mwa orodha, kwa kuwa ni ya wachache. Katika mwambao wa Ilemela mahali pake ni juu kabisa, kabla ya jina la mgonjwa kukauka wino. Na hapo kuchoma kwa sindano, kusikohitaji kuziba mto wowote, huenda kukawa na thamani kubwa kuliko ilivyopewa na wale ambao waliweza kuchagua.

Misri imekwisha pita njia hii, tena kwa uchungu. Tangu miaka ya 1950 mpaka mwanzo wa miaka ya 1980 wanavijiji wa bonde la Nile walipigwa sindano nyingi za dawa ya antimoni ili kuua minyoo ya kichocho. Sindano zilitumiwa mtu baada ya mtu bila ya kusafishwa sawasawa, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kampeni hiyo ndiyo iliyoeneza virusi vya homa ya ini C nchini. Walioponywa minyoo walipata makovu ya pili, na wengine saratani. Ndipo madaktari wa Kairo, kwa kulazimika, walipokuwa mafundi wa kuchoma na kuziba katika maini yaliyochoka. Mwenye kutafuta walimu kwa ajili ya ziwa asingalikosea kama angalitazama kaskazini kufuata mto Nile, kabla ya kuvuka bahari.

Tanzania ilichelewa kuingia katika ufundi huu. Saratani kwa miaka mingi ilikuwa na makao makuu Dar es Salaam, katika hospitali ya Ocean Road iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Kutoka Mwanza ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 iliwekwa kwa ajili ya pamba, na mgonjwa aliyepanda humo alipimwa na uchovu kabla ya kupimwa na daktari. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, ilipunguza mwendo huo kwa maradhi mengi, na katika miaka ya karibuni imekuwa na idara ya saratani yenye dawa na mionzi. Kazi ya sindano na katheta, hata hivyo, ilianzia Muhimbili. Hadi mwaka 2018 nchi yenye watu zaidi ya milioni 50 haikuwa na huduma hiyo. Mnamo Oktoba mwaka huo kundi la wataalamu kutoka Marekani, wakiongozwa na Fabian Laage-Gaupp wa Yale pamoja na Frank Minja, Mtanzania, lilianza kufika Muhimbili kwa zamu kuwafundisha madaktari, wauguzi na mafundi wa picha. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza shahada ya uzamili katika ufundi huo, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 2021.

Kazi za mwanzo zilikuwa za kunyonya usaha uliofichika, kuifungulia nyongo au mkojo uliozibwa, na kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano kikapimwe. Aliyetazamia moto na leza angeziona ni kazi ndogo. Lakini hiyo ya tatu ndiyo mzizi wa nyingine zote. Bila ya kipande hicho hakuna ajuaye kama uvimbe ulio katika ini umezaliwa humo au umehamia, na ukihamia umetoka wapi. Na mgonjwa aweza kutibiwa miezi sita kwa dawa ya ugonjwa asio nao. Zamani tumbo lilipasuliwa kwa ajili ya kipande hicho tu, au mgonjwa alirudishwa nyumbani na karatasi iliyoandikwa neno "uvimbe".

Kwa mtu wa Ilemela, basi, mlango wa kwanza ni ule wa altrasaundi, nayo sasa si kitu cha ajabu Mwanza. Mama mjamzito huijua, na mzee wa kichocho ameisikia. Mashine nyingi za siku hizi zaweza kuonyesha pia mwendo wa damu kwa rangi: damu inayouelekea mkono wa mpimaji hupakwa nyekundu kwa desturi, na inayoukimbia hupakwa buluu. Rangi hizo hazisemi usafi wa damu. Husema inakwenda wapi tu. Katika ini la mtu mwenye afya vena ya lango huonekana nyekundu, pana, ikiingia polepole kama maji ya ziwa katika ghuba siku ya shwari. Katika ini lililofungwa sana na makovu mwendo hulegea, na kwa wengine damu hugeuka na kurudi ilikotoka, na utepe ule ule ukaonekana buluu. Kulitazama jambo hilo humchukua mpimaji dakika chache, nalo hutazamwa kabla ya mtu yeyote kuigusa ateri.